Nimepungiwa mkono mbele za watu kisa miokuru

Wakuu nina hasira mpaka kandambili nimevaa tofauti. Yule jamaa mnamjua, yule mwenye N1, ngazi ya juu kabisa ya mtihani wa Kijapani, anayejibu kila uzi wa Kijapani humu, simtaji, leo kanipungia mkono. MKONO.

Iko hivi, niliomba kibarua cha kuosha vyombo mgahawani, yale masaa 28 kwa wiki tunayoruhusiwa wanafunzi wageni hapa Japani, jana ikaingia meseji ndeeefu, herufi za kanji kama mvua ya masika, nikaokota neno moja ninalolijua, miokuru. Darasani tumefundishwa ni kusindikiza, mgeni anaondoka unasimama mlangoni unamwangalia mpaka anapotea. Nikasema hawa watu wana adabu jamani, kazi wanipe na kunisindikiza wanisindikize! Nikampigia mama, mama katangaza mtaa mzima mpaka muuza mkaa kanipongeza.

Leo kantini namwonyesha yule bwana. Kasoma, kimya. Kaweka vijiti chini, kasimama, kanipungia mkono taratiiibu kama naondoka na meli. Si angesema tu umekosa? Mdomo anao!

Kisamvu: Usiniambie uliwajibu mkuu

Mleta uzi: Niliwajibu asanteni, tukutane stesheni

Kisamvu: 😂😂😂 nimemwaga chai

Bi Tangawizi: Miru ni kutazama, okuru ni kupeleka. Kitu kinaondoka we unakiangalia tu. Treni imejaa ukaiacha ipite, hiyo nayo umeimiokuru. Sasa hapo treni ni wewe mdogo wangu

Mleta uzi: Sijauliza sarufi dada, nimesema kanipungia MKONO. Na mtu wa pili mezani akapunga pia!!

Dogo wa Osaka: Afadhali wewe. Mimi bosi kaniambia nimedekiagaru, najua chakula kikiwa tayari ndo kinadekiagaru, nikajua kazi nimeiva, nikainama kushukuru. Kumbe anasema nimelewa chakari

Kisamvu: Kwani hukuwa umelewa?

Dogo wa Osaka: Hiyo sio hoja

Babu Tochi: Mbona hamsemi ile ya mwisho wa meseji, wanakuombea mafanikio huko uendako. Wajapani wenyewe wanaziita meseji za dua. Nimeombewa mara 9 mimi, ningekuwa mgonjwa ningeshapona

Bi Tangawizi: 😂 amina. Samahani natoka nje ya mada, unga wa sembe mnapata wapi huku?

Dogo wa Osaka: Songa semolina

Mleta uzi: Jamani mkono

Babu Tochi: Semolina sio ugali, tuheshimiane