Kwa nini migahawa ya wali wa buku mbili, buku tatu inafungwa Dar wakati wateja wapo?

KijanaWaTabata
Wadau, naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaoijua biashara ya chakula kwa undani. Migahawa ya bei ya chini hapa Dar, ile ya wali maharage na wali nyama wanayokula mafundi, bodaboda na wauza duka, inafunguliwa na kufungwa kila kukicha. Saa saba mchana mabenchi yamejaa, ukirudi baada ya miezi sita fremu imeshakuwa duka la simu. Chakula kinaisha, fedha inapotelea wapi? Tuongee kwa namba tafadhali, maana "hali ngumu" si jibu la kumsaidia mtu anayetaka kufungua.

SufuriaKubwa
Mkuu, ifumue sahani moja ya wali nyama ya 3,000. Namba ninazoweka ni za mfano, wewe weka za soko lako. Mchele kilo 2,800, kilo moja ikitoa sahani 7 kila sahani ina mchele wa 400. Mafuta, chumvi na kitunguu cha wali 100. Nyama kilo 12,000, ukikata vipande vya kutosha sahani 12 ni 1,000. Rosti yake 150, maharage ya pembeni 150, mchicha 100, kipande cha tikiti 100. Jumla 2,000. Inabaki 1,000, na hiyo bado si faida.

Ukiuza sahani 80 una 80,000. Toa mkaa 15,000, wasaidizi watatu kwa 8,000 kila mmoja ni 24,000, pango la 300,000 ukiligawa kwa siku 26 za kazi ni kama 11,500, halafu maji, umeme, taka na sabuni 7,000. Umebakiwa na 22,500. Sasa ulipika za watu 90, sahani 10 zikabaki: 20,000 imekwenda. Umeshinda jikoni tangu saa kumi alfajiri kwa 2,500.

Tena hapo hakuna kilichopanda bei. Mchele ukiongezeka 400 kwa kilo, sahani inapanda shilingi 57 tu, lakini kwa sahani 90 ni zaidi ya 5,000 kwa siku, na tayari uko kwenye hasara. Huwezi kumwambia mteja alipe 3,057. Bei ya sahani hupanda kwa ngazi ya 500, gharama hupanda kidogo kidogo. Katikati ya ngazi hizo mbili ndipo migahawa mingi inapofia, kwa sababu mwenye nayo hupunguza nyama badala ya kupandisha bei, na mteja wa kila siku anahesabu vipande kuliko unavyodhani.

HesabuZaFremu
Hesabu hiyo ni sahihi, ila mimi naona kinachoua haraka ni pango na mkopo. Mwenye fremu anataka miezi sita kwa mkupuo. Kwa 300,000 hiyo ni 1,800,000 kabla hujanunua hata mwiko, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Mtaji wa kuzungusha chakula unaishia hapo, kwa hiyo miezi sita ya pili inapofika mtu anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Tuseme kachukua 500,000 arudishe 650,000 kwa siku 30. Rejesho ni karibu 21,700 kila siku. Linganisha na ile 22,500 ya siku ambayo chakula kimeisha chote. Siku ya mvua anarejesha kwa fedha ya mchele wa kesho, na mgahawa ukishaanza kula mchele wa kesho hauchukui muda.

Kuna na kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango la biashara, ile ambayo mpangaji anaikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Kisheria anayekatwa ni mwenye fremu, lakini wengi hukwambia "mimi nataka laki tatu yangu mkononi". Ukikubali, pango lako halisi ni 333,333, na kwa miezi sita umeongeza 200,000. Hili lizungumzwe kabla ya kusaini na liandikwe kwenye mkataba.

Na kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kwa mauzo. Sahani 80 kwa 3,000 kwa siku 26 ni 6,240,000 kwa mwezi, karibu milioni 75 kwa mwaka. Kwenye karatasi unaonekana mtu mkubwa, wakati kila 3,000 inayoingia 2,000 yake ni ya sokoni. Tunza risiti na daftari la manunuzi na mauzo ya kila siku. Asiye na kumbukumbu hana cha kumwonyesha mkadiriaji.

FundiJiko
Niongezee la nishati, maana 15,000 ya mkaa inapunguzika. Agizo la kuacha kuni na mkaa lilianza na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100, Januari 2024, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Upepo unaelekea huko, afadhali kujipanga mapema.

Wanaohamia gesi wengi hukosea mtungi. Wananunua wa kilo 6 na kuufunga kwenye jiko la ringi kubwa. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na inapogeuka kuwa hewa inaupoza. Ukiivuta kwa kasi mtungi unaganda nje, moto unadhoofika, mtu anadhani gesi imekwisha anaurudisha dukani na gesi ndani. Kwa jiko kubwa anza na mtungi wa kilo 15, au miwili iliyounganishwa, au wa kilo 38, na regulata iwe ya presha inayolingana na jiko. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Pima wakati wa kununua na kabla ya kurudisha.

Maharage loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Nyanya usiweke kabla hayajaiva, uchachu wake unazuia ganda kulainika na unachoma nishati bure. Kwa jiko la presha, yaliyolowekwa yanaiva ndani ya nusu saa.

Sufuria nyembamba nayo ni hasara. Inashika ukoko, na kwenye wali wa kilo kumi sahani nne tano zinabaki chini.

MamaLisheBuguruni
Jamani msisahau daftari la madeni. Sahani 20 za mkopo kwa siku, kwa siku 15, ni 900,000. Hiyo ni nusu ya pango la miezi sita mnalolisema, imekaa mifukoni mwa watu. Fundi saiti ikisimama anahama na deni lake. Anayekopesha aweke kikomo cha siku tatu kwa kila mtu, na asimpe mtu deni jipya juu ya la zamani. Na mkebe wa kubebea chakula una bei yake, utozwe pembeni, usiufiche kwenye sahani.

KijanaWaTabata
Asanteni sana. Swali la mwisho: aliye kwenye hali ya SufuriaKubwa, apandishe hadi 3,500 au abaki 3,000 na kupunguza?

SufuriaKubwa
Asipunguze. Aanze kwa kutazama sahani nyingine alizonazo. Wali maharage wa 2,000: mchele 400, viungo vyake 100, mchicha 100, bakuli la maharage 300 (kilo ya 3,000 inatoa bakuli 12, kitunguu na nazi ni 50 kwa bakuli). Jumla 900, inabaki 1,100. Sahani ya buku mbili inakuachia zaidi ya ile ya buku tatu! Wengi hawalijui hili kwa sababu hawajawahi kuzitenganisha, wanatazama droo jioni.

Kwa hiyo nyama apeleke 3,500 na kipande kile kile, na maharage yabaki 2,000 yawe matamu kweli. Mteja aliyebanwa anashuka kwenye maharage hapo hapo kwako, haendi kutafuta chipsi ng'ambo ya barabara.

Kuhusu makombo, achemshe maharage yote lakini aunge kwa awamu, maana yakishatiwa nazi yanachacha upesi. Wali apike sufuria mbili: ya kwanza iive saa sita, ya pili ainjike saa sita na nusu baada ya kuona benchi. Aandike kila siku saa ambayo kila chakula kimeisha. Kikiisha kabla ya saa nane mara tatu mfululizo, aongeze kilo moja, si zaidi.

FundiJiko
Wali wa sufuria ya kwanza ukae kwenye hotipoti, juu ya nyuzi 60. Ukiachwa vuguvugu mchana kutwa unaumiza matumbo, na kuupasha tena hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa.