Jini wangu wa mwaka 2140 hapendeki: nimbadilishe au nimtoe?

MwanaKibokoni

Assalamu aleikum wenzangu, hamjambo nyote.

Mie niko Mombasa, nimezaliwa na kulelewa Kibokoni, na naandika riwaya ya mapenzi. Mwanamume ni jini, mwanamke ni binadamu, na mambo yote yatokea hapahapa kisiwani mwaka 2140. Bahari imepanda. Mji wa Kale watu wapita kwa mashua mbele ya baraza za ghorofa ya kwanza, na Fort Jesus zimebaki kuta za juu tu, zimejaa walinzi. Maji ya kunywa ndiyo yanayotawala. Bomba linaloleta maji kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo limeshikwa na kampuni moja, na hakuna mtu kisiwani asiye na deni nayo. Deni la maji larithiwa, baba akifa laenda kwa mtoto.

Tima ni fundi wa mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, na ana deni la marehemu babake. Marijani ni jini aliyeingia ndani ya mkongo wa TEAMS, ule uliovutwa kutoka Fujairah mpaka Mombasa mwaka 2009. Nilimweka humo kwa sababu majahazi ya kaskazi yalishuka kutoka pande hizohizo miaka na miaka, na wazee wetu wasema majini wa Kiarabu walikuja nayo.

Natuma sura kwa sura kwenye kikundi cha simu, wasomaji wangu wengi ni kina dada wa hapa, Tanga na Unguja. Malalamiko ni mawili. La kwanza: Marijani anaweza kila kitu. Mlango umefungwa, aufungua. Askari wamekuja, awazimia taa. Dada mmoja akaniuliza, sasa huyu Tima aogopa nini?

La pili ndilo laninyima usingizi. Kwa Wazungu, vampaya akimpenda msichana basi wasomaji hoi. Kwetu jini mahaba ni maradhi. Akimpenda mwanamke, ndoa yavunjika, mimba zaharibika, apelekwa akasomewe. Sura ambayo Marijani amjia Tima usingizini niliandika kwa mapenzi yangu yote, na jibu la kwanza lilikuwa: "Mpelekeni huyo mtoto kwa shekhe." Wenzake wakacheka mpaka asubuhi.

Nimfanyeje apendeke bila kumvua ujini wake? Au nimtoe, niweke roboti, yaishe?

Mdau_wa_Temeke

Roboti hapana mkuu. Roboti ana chaja, jini ana ukoo. Tulia wakongwe waje.

MsomajiTudor

Dada, mie nasoma sana hizi za kizimwi na mapenzi, na nakwambia tatizo lako la kwanza si nguvu za Marijani. Ni kwamba giza la dunia yako na mapenzi yao havijuani. Kampuni ya maji iko kule, jini yuko huku, wakutana tu wakati wa kufukuzana.

Tazama Nalini Singh, mzaliwa wa Fiji aliyekulia New Zealand. Riwaya yake Slave to Sensation ilitoka 2006, na hadithi yenyewe ni ya mwaka 2079. Kuna jamii ya watu wenye nguvu za akili ambao tangu 1979 wamejifunga kutohisi chochote: hasira hapana, mapenzi hapana. Anayeonekana ana hisia akili yake yafutwa. Sasa mwandishi achukua mwanamke wa jamii hiyo, amkutanisha na mwanamume ambaye nusu yake ni chui na ambaye kwake kuguswa ni kama chakula. Dunia ile imekataza kitu kilekile wapendanao wanachohitaji, basi kila wakishikana mikono ni hatari. Huhitaji hata askari wa kuwafukuza.

Jiulize kampuni yako ya maji yakataza nini ambacho Tima na Marijani hawawezi kukikosa. Ukipata jibu, nusu ya riwaya imejiandika.

Kama wataka jini na kompyuta pamoja, soma Alif the Unseen ya G. Willow Wilson, 2012. Si ya wakati ujao, lakini utaona jinsi alivyomwacha jini akawa jini, mwenye kiburi na tabia za ajabu, asimgeuze mvulana mzuri mwenye macho ya kuwaka.

AbuSwafiya

Mimi sikubaliani na mada. Majini ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, si wa kuchezea hadithi, na ndoa ya mtu na jini wanazuoni wengi wameikataza. Watoto wetu wasoma haya wadhani ni halali.

Lakini madhali waandika, andika sawasawa. Qurani imesema majini wameumbwa kwa moto usio na moshi. Huyo wako akaa chini ya bahari miaka yote hiyo na hulioni hilo kuwa ni jambo?

MwanaKibokoni

Shukran ustadh, na nasaha nimeipokea. Hilo la moto ndani ya maji sikulipa uzito. Nitalifanyia kazi.

Fundi_wa_Nyali

Nimesoma uzi huu wakati wa chai na sasa chai imepoa. Kazi yangu ni ya mikongo, basi nisikilize.

Mkongo wa baharini hutengenezwa udumu kama miaka 25. Mwaka 2140 TEAMS haufanyi kazi, umelala tu chini. Na usisikitike, hapo ndipo umepata. Majini si wanakaa magofuni? Basi hilo ni gofu la maili na maili ambalo hakuna anayelichungulia.

Sasa ndani kuna nini. Katikati nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ndizo zinazobeba mwanga. Zimezungukwa na shaba, na shaba hiyo hupitisha umeme wa volti maelfu kutoka nchi kavu kwenda kulisha ripita, vile vifaa vinavyoupa mwanga nguvu mpya kila baada ya makumi ya kilomita. Juu yake plastiki. Huko kwenye kina kirefu mkongo ni mwembamba, kama mpira wa kumwagilia bustani. Lakini ukikaribia pwani huvikwa nyaya nene za chuma, safu moja au mbili, kwa sababu ya nanga na nyavu. Na hata hivyo nanga hushinda: Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini iliukata TEAMS hapahapa Mombasa, intaneti ikawa ya kubahatisha.

Sasa nikwambie kilichonifanya niache chai. Marehemu nyanya yangu hakukubali mtoto mchanga alale bila kisu chini ya mto. Chuma, majini hawakikaribii. Basi Marijani wako aliingia huko mbali kwenye kina, pasipo na vazi la chuma la nje, akaufuata mwanga mpaka akafika karibu na Mombasa, na hapo akajikuta ndani ya bomba la chuma. Mbele haendi. Mwanga ulipozimwa, na nyuma pia hana cha kumrudisha. Mwambie msomaji wako huyo: hawezi kila kitu. Hawezi hata kutoka nje.

Na umfanye Tima asiwe fundi wa kutengeneza. Mikongo iliyokufa hung'olewa ikauzwa shaba na chuma chakavu, ni biashara ya kweli. Meli huburuta ndoana chini ya bahari, ikanasa, ikavuta, watu wakakata vipande juu ya sitaha. Tima alipa deni kwa kung'oa mikongo. Kila mita apata kitu, na kila mita ni nyumba ya Marijani.

MsomajiTudor

Fundi wee! Sasa giza na mapenzi vimejuana.

MwanaKibokoni

Wallahi nimesimama. Yaani akivuta mkongo amwokoa au amuua?

Fundi_wa_Nyali

Yategemea akata wapi. Akikata sehemu ya chuma, amempasulia jela. Akikata kule kina kirefu kabla hajajua, ndipo penye hatari, maana moto wake utakutana na maji. Hilo la ustadh nimelichukua mie, aniwie radhi.

BiMkubwa_Kuze

Mwanangu MwanaKibokoni, hujambo. Mjukuu wangu amenisomea yote na yeye ndiye anayeniandikia.

Nyinyi vijana mwamjua jini wa sinema. Mie nimeona ngoma za pepo tangu mtoto, nami nakwambia pepo hapendi ovyo. Ana kabila lake, Mwarabu, Mhabeshi, Mpemba, na kila mmoja ana anachotaka. Akimpanda mtu, yule mtu ni kiti chake. Mganga hamfukuzi mara moja. Kwanza amuuliza: u nani? Watoka wapi? Wataka nini? Pepo kwanza anyamaza, au atukana. Wamfukizia udi na ubani mpaka chumba hakionekani, wampigia ngoma, kisha ndio asema. Mmoja ataka marashi ya waridi na halua kwenye sinia safi. Mwengine ataka kitambaa chekundu na pete ya fedha. Hapo ndipo pana maneno: wapunguza, yeye aongeza, wapunguza tena. Wakipatana, kila mtu ana sharti lake, na anayevunja ndiye anayeumia. Ile nusu ya usiku ya kubishana na pepo hakuna mtu asinziaye, hata watoto waliofukuzwa wanachungulia dirishani.

Hiyo ndiyo posa yako. Kwa nini waiacha? Kampuni ya maji nayo si yampanda Tima? Imemfanya kiti, lakini haikumuuliza wala haisemi yataka nini mpaka lini. Deni haliishi. Jini angalau ukimtimizia sharti huondoka.

Na lile la kumjia msichana usingizini ulitoe. Hao kina dada walicheka lakini hawakukosea. Jini mahaba huchukiwa kwa sababu haombi. Kwetu mtu hufika mlangoni akapiga hodi mara tatu, asipokaribishwa arudi alikotoka. Mfanye Marijani apige hodi. Amesikia sauti ya mtu baada ya miaka yote hiyo kimya, ataka kutoka kuliko kitu chochote, na bado apiga hodi ya tatu, hajibiwi, anyamaza. Nakuhakikishia usiku wa pili msomaji mwenyewe ndiye atakayesema karibu.

Mdau_wa_Temeke

Bibi kamaliza. Naomba mjukuu ampelekee shikamoo yangu.

AbuSwafiya

Hodi ni adabu ya dini. Hapo sina neno.

Kalamu_ya_Mtwapa

Nimefanya uhariri miaka mingi, niongeze mambo madogo.

MwanaKibokoni ameniwekea mwanzo wa sura ya kwanza faraghani, naye amenipa ruhusa niuweke hapa. Ulianza hivi: "Mwaka 2140, baada ya Vita vya Tatu vya Maji, Muungano wa Makampuni ya Pwani ulianzisha Mfumo Mkuu wa Ugavi wenye madaraja saba." Tima mwenyewe atokea ukurasa wa nne. Dada, mfumo wa ugavi haupendwi na mtu. Tuanze na Tima ameshika birika: "Tima alimimina maji ya kutawadhia, akatazama mita ukutani ikihesabu, akaacha mguu wa kushoto." Mtu ameacha mguu mmoja bila kuosha kwa sababu ya deni. Madaraja saba tutayajua baadaye, au tusiyajue kabisa, vyote sawa.

Kingine, usidhani wapita njia ambayo Kiswahili hakijapita. Shaaban Robert alituandikia jini wa kike mwenye sheria kali katika Adili na Nduguze, 1952: ndugu wahaini wamegeuzwa manyani, na Adili alazimika kuwapiga kila usiku ingawa moyo wamuuma. Hapo waona wema wa jini unavyoweza kuwa mzigo. Na Katama Mkangi, mwana wa Pwani, alimrusha Dzombo kwa chombo mpaka dunia nyingine katika Walenisi, 1995. Visome vyote viwili kabla hujarudi kwa vampaya.

Kuhusu kuchapisha, wachapishaji wengi wa Kiswahili hapa Kenya hutazama shule kwanza, na jini mpenzi hataingia darasani. Endelea na simu. Wasomaji unao tayari.

MwanaKibokoni

Bibi, Fundi, Kalamu, ustadh, nyote, sijui niseme nini. Roboti nimemtupa. Nabaki na swali moja. Mwisho. Nilipanga Marijani afe akimkomboa Tima kutoka kwa kampuni, kwa sababu dunia ni ya giza na nimeona raha ya wote itakuwa uongo.

MsomajiTudor

Usithubutu. Anayesoma riwaya ya mapenzi amekubali umtese kurasa zote kwa sababu ajua mwisho wawili watabaki pamoja. Huo ndio mkataba wa aina hii ya vitabu. Ukimuua Marijani umeandika tanzia, ni sawa pia, lakini usiiuze kwa jina la mapenzi. Dunia ibaki na giza lake, kampuni isianguke hata. Hao wawili tu wapate pa kukaa.

BiMkubwa_Kuze

Asife. Kufa ni rahisi. Nataka kujua wataishi vipi, yeye akizeeka na mumewe hazeeki. Na sharti lake ni lipi? Halua haitoshi mwaka 2140, sukari itatoka wapi.

Fundi_wa_Nyali

Sharti lake liwe kwamba Tima asing'oe mkongo tena. Basi deni atalipa kwa nini?

MwanaKibokoni

Fundi, umeniharibia wikendi. Naanza sura ya kwanza upya leo usiku.

Mdau_wa_Temeke

Ukimaliza tuwekee hapa, na tafadhali iwe maandishi, usipige picha kurasa. Bando zetu nazo zina mita.