Gunia moja la korosho tulilobangua wenyewe limetuachia 54,000. Tukope mashine?

Mama Newala
Wakuu, heshima zenu. Tuko wanawake sita hapa Newala. Msimu uliopita nilitenga gunia moja la kilo 80 shambani kwangu tukabangua wenyewe. Tulichemsha kwa mvuke, tukaziacha usiku kucha zipoe, tukapasua kwa mashine ya kukodi, ile ya kukanyaga kwa mguu. Tulijipaka majivu mikononi lakini mafuta ya maganda yaliniunguza vilevile, vidole viwili vikachubuka.

Tulipata kilo 17 za korosho karanga, yaani kiini kilichotolewa ganda. Nzima kilo 9, nyingine vipande. Nzima tuliuza 22,000 kwa kilo, vipande 12,000, jumla 294,000. Mnadani gunia lile lingenipa 240,000. Siku mbili za watu sita ni 54,000 basi, na hapo sijatoa kuni wala mifuko.

Kila kiongozi anayepita huku anatuambia tuache kuuza ghafi, yaani korosho ambazo hazijabanguliwa. Nami nataka iwe hivyo, kwa moyo wote. Marehemu baba alikuwa kiwandani miaka ya themanini, nampelekea chakula getini. Leo jengo lile ni ghala la ghafi zinazosubiri meli. Tukope tununue mashine, au tatizo liko kwingine?

Kijana wa Shangani, Mtwara
Shikamoo mama, pole kwa vidole. Mashine ndilo jambo dogo. Msimu unafunguliwa Oktoba, na baada ya miezi michache tu korosho imeshaisha mnadani. Mbanguaji anatakiwa anunue ya mwaka mzima kwa mpigo, ailaze ghalani, na riba inahesabiwa kila mwezi. Mnunuzi wa ghafi anapakia kontena, analipwa, anarudi mnadani na pesa ileile. Wakishindana bei, nani atachoka kwanza?

Ushuru wa kusafirisha ghafi upo: asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Lakini India nao wanalinda viwanda vyao. Ghafi inaingia kwao kwa ushuru mdogo sana, iliyobanguliwa inapigwa ushuru mkubwa. Ukuta huo sisi tunauzungumzia mara chache mno.

Mzee wa Masasi
Binti yangu, nilifanya kazi katika kimoja cha vile viwanda 12 vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mashine za Kiitaliano na za Kijapani. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki porini, ukaja na ugonjwa wa ubwiriunga. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Mashine zilisimama zinang'aa, korosho hakuna. Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000, na viwanda ndio vilikuwa vimekufa.

Ng'ambo ya Ruvuma
Msumbiji miaka ya tisini walibanwa na Benki ya Dunia washushe ushuru wa ghafi. Viwanda vikafungwa, maelfu wakakosa kazi. Mwaka 1999 waliupandisha tena, kati ya asilimia 18 na 22. Vilivyoinuka baadaye vilikuwa vidogo, vya vijijini, vya kupasua kwa mkono. Mama, msidharau hiyo ya kukanyaga.

Mama Newala
Marahaba mwanangu, na shikamoo mzee. Umenikumbusha baba: siku nyingi alirudi mchana akisema wamefagia sakafu tu, hakuna cha kupasua. Nilikuwa mtoto, sikuelewa.

Mkopo wa mashine tumeuacha. Tutaomba wa kununulia ghafi Oktoba, na kila mmoja atatenga magunia mawili ya shambani kwake. Kwa wanaobangua: mnachemsha dakika ngapi? Sisi tulichemsha arobaini, na karanga nyingi zilishapasuka katikati zikiwa bado ndani ya ganda.