Wikendi ndefu Unguja: tupeane uzoefu wa boti, maji na malazi

Mwenye mada
Habari zenu wakuu. Sikukuu zinakaribia na kila mwaka ni yaleyale. Watu wanakata tiketi, wanalipia chumba Paje, wakiamka asubuhi wanakuta bahari imeondoka, imebaki mchanga na madimbwi. Siku tatu au nne Unguja zipangweje zisiishie barabarani na bandarini? Mwenye kujua ataje saa na hatua.

Kiwimbi
Anza na mwezi, tiketi baadaye. Mwezi wa Kiislamu unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe mosi hadi 3 na 15 hadi 17 hivi za mwezi huo, ni bamvua. Maji ya Unguja siku hizo hupanda na kushuka takriban mita nne. Hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hujaa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo baada ya juma moja mambo yamegeuka: tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu, yanajaa asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Sasa tazama sikukuu. Idd el Fitr ni tarehe mosi, maana yake kila mwaka inaangukia bamvua. Ukilala Paje, Jambiani, Bwejuu au Matemwe, asubuhi ni ya kutembea, kuogelea ni kuanzia saa nane mchana. Idd el Hajj ni tarehe kumi ya mwezi wa Kiislamu: asubuhi unaingia majini hadi mchana. Ufuo ni uleule, ratiba mbili tofauti kabisa.

Bandarini
Hapo kwenye Idd umemaliza. Watu wanalaumu hoteli, kumbe ni kalenda.

Mwana wa Kaskazini
Ndiyo maana nawaambia nendeni Nungwi au Kendwa. Kule bahari haikimbii hivyo, unaogelea karibu saa yoyote. Na kama mnataka uchangamfu, Kendwa wana sherehe ya mwezi mpevu, Jumamosi iliyo karibu na mwezi wenyewe. Chumba cha wikendi hiyo shika mapema sana, kikikosekana utalala mbali na utatafuta gari usiku wa manane.

Upepo
Kaskazini kuogelea sawa, lakini usiwaambie watu ndiyo Unguja nzima. Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka mjini, saa moja na nusu barabarani, na ufukweni papasi, wale vijana wanaoandama wageni, hawakuachi upumue. Paje ni kama saa moja tu, na njiani una Jozani, unashuka kutazama kima punju kisha unaendelea. Anayetaka kujifunza kuruka na tiara majini hana pa kwenda zaidi ya Paje: upepo wa kusi Juni hadi Septemba, kaskazi Desemba hadi Februari.

Mwana wa Kaskazini
Aliyeuliza hakutaja tiara. Ana siku tatu na watoto. Mtoto utamwambia asubiri bahari irudi?

Upepo
Mtoto mpe ndoo, maji yakikauka ndiyo anacheza zaidi. Anaona kaa, viti vya pweza, samaki wadogo kwenye madimbwi. Ila avae viatu.

Bandarini
Tuje kwenye boti, maana wikendi ndefu inaharibikia hapa. Boti ya kasi Dar hadi Malindi, bandari ya Unguja mjini, ni kama saa mbili. Fika saa nzima kabla. Jina la tiketi lifanane na kitambulisho. Ukimkatia mtu kwa jina la utani utasimama naye pembeni huku watu wanapanda. Mtu wa Bara aje na kitambulisho cha taifa. Mgeni wa nje aje na pasipoti, atakaguliwa hata kama ametokea Dar, na tangu 1 Oktoba 2024 anatakiwa awe na bima ya safari ya Zanzibar ya dola 44. Ailipie mtandaoni kabla ya safari.

Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, mkondo unachafuka, na kurudi Dar ndiko kubaya kuliko kwenda kwa sababu boti inaukabili upepo. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, na macho yatazame nje, acha simu. Dawa ya kichefuchefu inywe saa moja kabla ya kuondoka. Ukiimeza baada ya kuanza kutapika haina kazi.

Bi Mkasi
Tangawizi mbichi pia inasaidia. Na usipande na tumbo tupu.

Bandarini
Wala lililojaa supu.

Mlinda Mwamba
Mmegusia kutembea maji yakikauka na kupita haraka. Niseme hili kwa urefu, maana ndilo linalotaka kuua watu, na kila sikukuu linajirudia vilevile.

Bamvua, saa nne asubuhi, Jambiani au Paje. Ufuo mweupe, maji ya kifundo, kule mbali mstari wa povu kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja. Mgeni anaona ni karibu. Anatembea dakika 40 akipiga picha, anafika kwenye mwamba saa tano kasoro. Pale juu pamekauka, ametulia, anaangalia mawimbi upande wa bahari kuu. Mgongoni hatazami.

Sehemu aliyoivuka haiko sawa. Kati ya ufuo na mwamba kuna mabonde yaliyo chini kuliko mwamba wenyewe. Maji yakianza kurudi yanaingia kwanza kwenye milango ya mwamba, yale mapengo yake, na kujaza mabonde hayo, yaani yanamzunguka kwa nyuma huku yeye bado amesimama pakavu. Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza yanapanda sehemu moja tu ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu. Bamvua la mita nne, saa ya tatu peke yake ni mita nzima. Ndiyo maana saa ya kwanza inamdanganya. Akigeuka, bonde alilopita kwa magoti limefika kifuani na mkondo wake unavuta. Chini ni urumbu, wale wanyama wa bahari wenye miiba, na mawe makali, kandambili zimechomoka, simu imeinuliwa juu kwa mkono mmoja.

Fanya hivi. Jua saa ya maji kukauka. Ondoka ufukweni saa moja na nusu kabla yake, na dakika ileile yanapokauka wewe geuka, hata kama hujafika mwambani. Vaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Chukua mwenyeji. Ukikutwa, usishindane na mkondo: simama palipoinuka, inua nguo upunge, ngalawa za wavuvi hupita wakati huo maji yakijaa.

Mwenye mada
Mlinda Mwamba, ahsante sana. Hili sikulifikiria kabisa. Ukichomwa na urumbu?

Bi Mkasi
Utomvu wa papai bichi, paka pale pale.

Mlinda Mwamba
Anza na maji ya moto ambayo mguu unaweza kuvumilia, loweka, toa kwa kibanio miiba iliyochomoza tu. Iliyozama usiichimbe kwa sindano, inakatika ndani. Ikiwa kwenye kiungo, nenda hospitali.

Bi Mkasi
Papai limesaidia watu tangu zamani.

Mlinda Mwamba
Sijalikataa papai, Bi Mkasi. Nimekataa sindano.

Mkulima wa Mwani
Nanyi mnaotembea pwani kavu, vile vigingi vilivyosimama kwa mistari siyo takataka. Ni mashamba ya mwani. Kamba imefungwa vishada kimoja kimoja kwa mkono, mguu mmoja ukiinasa vinang'oka vingi. Pita mwisho wa mstari. Picha ya mtu akiwa kazini, omba kwanza.

Kiwimbi
Fungu la Nakupenda, lile tuta la mchanga baharini karibu na mjini, nalo lifuateni kwa mwezi huohuo. Bamvua nendeni saa mbili asubuhi, mrudi saa saba. Saa kumi fungu limezama. Kisiwa cha Changuu, kwa kobe, hakitegemei maji sana, ni nusu saa hivi kwa mashua. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kung'oa nanga, msikubali kukalia.

Mwana wa Kaskazini
Usiku wa kwanza lala Mji Mkongwe, upumzike na boti, ule Forodhani.

Bandarini
Wa mwisho, siyo wa kwanza! Boti ya asubuhi ni saa moja. Ukilala Nungwi utaamka saa tisa usiku na dereva asipotokea umekwama. Ukilala mjini unatembea kwa miguu hadi Malindi.

Upepo
Hapo namuunga mkono Bandarini. Tena Mji Mkongwe funika mabega na magoti, na ikiwa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Daladala 116 ni Nungwi, 309 Jambiani kupitia Paje, ila ukiwa na mabegi mawili kodisha gari, mwafikiane bei kabla ya kupakia.

Mwenye mada
Sikukuu za Aprili, tarehe 7 na 26, vipi?

Kiwimbi
Ni katikati ya masika. Bei zinashuka, baadhi ya hoteli za pwani zinafunga. Piga simu uhakikishe jiko liko wazi, uulize na bei ya mkaazi, wengi hawaitaji mpaka uulize. Vitambulisho na simu vitie kwenye mfuko usiopitisha maji.