Anayetuhumiwa kubaka: atajwe jina au afichwe?

Wadau, kuna maneno mawili ambayo vyombo vya habari huyachanganya kila siku: mtuhumiwa na mshtakiwa. Mtuhumiwa amenyooshewa kidole na polisi bado wanachunguza. Mshtakiwa ameshafunguliwa kesi. Mimi nasimama hapo kati ya maneno hayo mawili: kwa makosa ya kujamiiana, mtuhumiwa afichwe jina, mshtakiwa atajwe. Ipo hali moja ninayoitoa humo, nitaifikia.

Wanaotaka jina lifichwe mpaka hukumu tusiwabeze. Mtu akishtakiwa kwa wizi kisha akaachiwa huru, baada ya muda watu husahau. Akishtakiwa kwa kubaka, hata hakimu amwachie mchana kweupe, wapo watakaosema "lisemwalo lipo". Methali hiyo imewamaliza wengi. Mwaka 2014 polisi wa Uingereza walipekua nyumba ya mwimbaji Cliff Richard kwa tuhuma ya kosa la kujamiiana, na BBC ikaonyesha upekuzi huo kwa picha za helikopta. Hakukamatwa wala hakushtakiwa. Mwaka 2018 mahakama iliamuru alipwe fidia ya pauni 210,000, lakini dunia nzima ilikuwa imeshaona.

Nchi hiyo iliwahi kulijaribu jambo hili. Sheria ya mwaka 1976 iliwaficha wote wawili katika kesi za ubakaji, anayelalamika na anayeshtakiwa. Mwaka 1988 kinga ya mshtakiwa ikaondolewa, ya mlalamikaji ikabaki. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba itairudisha, kisha ikaachana na mpango huo kabla mwaka haujaisha. Ireland wao, kwa sheria ya 1981, humficha mshtakiwa wa ubakaji mpaka atiwe hatiani.

Sasa, kwa nini mimi nasema atajwe akishashtakiwa? Mfikirieni John Worboys, dereva teksi wa London. Alikuwa akiwaambia abiria wanawake kwamba ameshinda pesa nyingi, anawakaribisha shampeni washerehekee naye, na ndani ya kinywaji kuna dawa. Mwanamke anaamka kesho yake hakumbuki vizuri, anajiuliza kama ni kweli au alilewa tu. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Jina na kazi yake vilipotangazwa, wengine wengi wakajitokeza na hadithi ileile: teksi, ushindi, shampeni. Mwaka 2009 alitiwa hatiani kwa makosa dhidi ya wanawake 12. Makosa haya kwa kawaida hayana shahidi wa tatu, kwa hiyo mwanamke wa pili na wa tatu ndio ushahidi wenyewe. Ukificha jina, unawafungia mlango.

Najua kuna mtu ameshaandaa jibu: Worboys huyohuyo alikamatwa mwaka 2007, akaachiwa bila mashtaka, akaendelea kushambulia wanawake. Kwa kanuni yangu jina lake lingefichwa wakati ule! Kweli, na hoja hiyo inaniuma. Ila pale kilichokosekana kilikuwa upelelezi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema wazi kwamba polisi walivunja haki za binadamu za wanawake wawili kwa uchunguzi wao mbovu. Gazeti haliwezi kufanya kazi ambayo mpelelezi ameikataa.

Kuhusu wanaodai "usawa", yaani mlalamikaji akifichwa na mwenzake afichwe, sioni usawa wowote hapo. Mlalamikaji hajashtakiwa kwa lolote. Anafichwa ili wenzake wasiogope kuripoti.

Hali ninayoitoa ni ya nyumbani. Tunapojadili haya, kichwani tunamwona mtu asiyejulikana gizani, ilhali mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mwathirika anamjua: baba, mjomba, mwalimu, mume. Ukimtaja baba kwa jina na kusema alimwingilia binti yake, umeshamtaja binti. Atakwenda shule kesho na kila mtu anajua. Kuna magazeti hutaja jina na kuficha undugu, mengine huficha jina na kutaja undugu; yakitoka yote mawili siku moja, msomaji anayaunganisha na siri imekwisha. Hapo mahakama ifiche jina la mshtakiwa hata baada ya hukumu, kwa ajili ya mtoto, wala si kwa heshima ya mzee.

Ninapokwama ni kwa aliyeshtakiwa, akatajwa, kisha akaachiwa huru. Habari ya kushtakiwa ilikaa juu kabisa, ya kuachiwa ikapewa mistari miwili, na mtandaoni ile ya kwanza ndiyo inayotokea kila jina lake linapotafutwa. Kuvilazimisha vyombo viambatishe hukumu kwenye habari ileile ya mwanzo, je, kungetosha? Mnaotaka majina yote yawe wazi, nianze kusikia kwenu.