Livy, mwanahistoria wa Roma, kafa karibu mwaka 17 BK, nyie mnamwandika "(Livy, 1919)"?

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, mnivumilie.

Kuna wahariri wanaingia kwenye makala ya kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu Roma ya kale yenye tanbihi hamsini na kitu, hawaongezi hata sentensi, wanageuza marejeo yote kuwa mwandishi-mwaka-ukurasa kwa hariri moja. Maelezo ya hariri: "nimesafisha". Umesafisha nini?

Hiyo 1919 ni mwaka ilipotoka tafsiri ya Foster ya kitabu cha 1 na cha 2, mfululizo wa Loeb wa vitabu vya kale. Ukiandika ukurasa wa Loeb, mwenye toleo la Teubner au Penguin anabaki anakodoa macho. Waandishi wa kale wana anwani zao: kitabu, sura, kifungu. Livy 1.7.2 ndipo Remus anaporuka ukuta na kuuawa, uwe unasoma Kilatini, Kifaransa au chochote. Mwandishi-mwaka waachieni wanahistoria wa kisasa akina Syme (1939), huko mwaka una maana.

La pili, "Ibid.", yaani "rejeo lile lile la juu". Kwenye makala inayohaririwa na watu kumi hilo ni bomu. Chukua aya ya kuuawa kwa Caesar. Tanbihi ya kwanza: Suetonius, Julius 82 (wasifu wake wa Caesar, sura ya 82). Ya pili, kwenye sentensi kwamba tabibu Antistius aliona jeraha moja tu, la pili kifuani, ndilo lililoua: "Ibid." Anakuja msamaria mwema, anachomeka katikati sentensi yenye rejeo la mwandishi mwingine wa wasifu, Plutarch, Caesar 66. Kuanzia hapo "Ibid." inampeleka msomaji kwa Plutarch, ambaye hamtaji Antistius hapo. Baada ya mwezi mwingine anakagua, hakuti kitu, anaifuta sentensi iliyokuwa sahihi. Andikeni rejeo zima kila mara, hata kama linajirudia mara nne. Na msiniletee "Plut. 66" kavu: mauaji yale yale yako pia kwenye Brutus 17, lazima utaje ni wasifu wa nani.

Sasa Pliny Mkubwa na Naturalis Historia yake, kitabu cha 6, hapa ndipo watu wanapotoana roho bure. Ile kauli kwamba India inanyonya sestersi (fedha za Roma) zisizopungua milioni 50 kila mwaka: mmoja kaandika 6.101, mwingine kabadilisha kuwa 6.26, wa tatu kaweka 6.23, halafu wanafutiana wee. Wote watatu wako sahihi! Tafsiri ya Bostock na Riley ya 1855 inaiita sura ya 26, na pembeni kwenye mabano 23, maana sura zilishagawanywa kwa njia mbili. Matoleo ya sasa yanahesabu vifungu, ndiyo hiyo 101. Lakini mwenye toleo jipya akifuata "6.26" anajikuta Armenia, anasoma habari za Tigranocerta na Artaxata, sestersi hazioni. Dawa: 6.26.101, sura ya zamani ikifuatiwa na kifungu. Mwanahistoria Cassius Dio naye vivyo hivyo kwenye vitabu vya mwisho: cha kaisari Commodus ni 72 kwa hesabu moja na 73 kwa nyingine, kwa hiyo andika 73[72] usonge mbele.

Maandishi ya mawe na sarafu hayana ukurasa kabisa, acheni kuubuni. Tao la Constantine ni CIL VI 1139 = ILS 694, namba zake kwenye mikusanyo miwili ya maandishi ya Kilatini. Dinari ya Brutus yenye majambia mawili ni RRC 508/3, namba yake kwenye orodha ya sarafu za Jamhuri ya Roma. Basi.

Kabla ya kugusa mtindo, tazama tanbihi za mwanzo za makala zilitumia upi, fuata huo, na ukitaka kuubadilisha uliza kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano.

Jibu la 1
Mkuu hasira zako zina haki, ila vifupisho navyo ni kero. Mwanafunzi wa kidato cha tano ataijuaje "Suet. Iul."? Mwingine anaandika "Div. Iul.", mwingine "Caes.", kitabu ni kile kile.

Mleta mada
Hapo nakubali, mkuu. Vifupisho vilibanwa na bei ya karatasi, sisi hatulipii karatasi. Jina lote. Tafsiri iliyotumika iwekwe mara moja tu kwenye orodha ya vitabu, chini ya S ya Suetonius, siyo R ya Rolfe aliyetafsiri.

Jibu la 2
Nendeni na kwenye makala ya Rhapta. Sentensi inasema "vyanzo viwili vinathibitisha" bandari hiyo ilikuwepo pwani yetu, tanbihi: Schoff 1912, Casson 1989.

Mleta mada
Duh! Hao ni watafsiri wawili wa kitabu kimoja, Periplus, mwongozo wa kale wa safari za baharini, kifungu kile kile cha 16. Mwandishi-mwaka kawazalisha mashahidi mapacha. Iandikwe Periplus 16, na "viwili" itoke. Anayetaka shahidi wa pili amfuate Ptolemy, Geographia 1.9.