Siku nne katika kaunti ya Clare, Ayalandi, pamoja na mama mwenye umri mkubwa

MwanaPangani:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mimi na mke wangu tunaishi Dublin, na mwezi Juni mama yangu mzazi atakuja kututembelea kutoka Tanga. Tumekubaliana kumpeleka Clare, upande wa magharibi, kwa siku nne, kwa sababu kila anayetoka huko huyasifu Magenge ya Moher, yaani miamba mirefu iliyosimama wima kando ya bahari. Mabasi ya watalii yanayokwenda na kurudi siku hiyo hiyo yapo mengi, lakini mama ana maumivu ya magoti, na sidhani kama atafurahia kukaa kitini kutwa nzima ili ayatazame magenge kwa muda mfupi. Gari la kukodi tunaweza kulipata. Je, tulale wapi, kuna nini cha kuona zaidi ya magenge yenyewe, na mtu asiyeweza kutembea mwendo mrefu atapata cha kufurahia, au atabaki garini akitusubiri?

BintiVanga:

Kaka MwanaPangani, mfikishie mama shikamoo yangu. Nimefanya kazi Ennis, mji mkuu wa Clare, kwa muda mrefu, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msiyafanye Magenge ya Moher kuwa ndiyo safari yenyewe. Yanastahili sifa zake, kwani mahali palipo juu zaidi hufikia mita 214 kutoka baharini, lakini saa mbili zinatosha, na mchana wa kiangazi utaona migongo ya watu kabla hujaona maji. Mwezi Juni jua la huku huzama yapata saa nne usiku. Kwa hiyo pumzikeni, kuleni, kisha nendeni jioni, mabasi ya kutoka Dublin yakiwa yamekwisha kuondoka. Tiketi nunueni mtandaoni mapema, na maegesho yamo ndani ya bei hiyo. Karibu na kituo cha wageni, ambacho kimejengwa ndani ya kilima, njia zimetengenezwa vizuri na zina ukuta wa mawe, hivyo mama anaweza kwenda polepole hadi mahali pa kutazamia. Njia ndefu ya ukingoni inayotoka kijiji cha Doolin msiijaribu kabisa. Mwaka 2024 sehemu zake zilifungwa baada ya watu kupoteza maisha.

Siku nzima mbili ningezitenga kwa ajili ya Burren, kaskazini mwa kaunti, na hapo ndipo ninapotofautiana na waandishi wa vipeperushi vya utalii. Ni nchi ya mawe ya chokaa, ya kijivu, vilima kwa mabonde. Mawe hayo yalijengeka chini ya bahari ya joto zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati eneo hili lilipokuwa karibu na ikweta, na ukiinama utaona ndani yake mabaki ya matumbawe, ambayo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa ni nini. Baadaye barafu ikakwangua udongo, na maji ya mvua yakayakata mawe kuwa mabamba yenye nyufa ndefu. Katika nyufa hizo, mahali ambapo ungedhani hapana uhai, huota maua ya okidi, jeranio za rangi ya waridi iliyokolea, na mimea ya nchi za baridi kali ikiwa jirani na mimea ya Mediterania. Ofisa mmoja wa jeshi la Cromwell, kiongozi wa Uingereza aliyeivamia Ayalandi, aliyepita huko katika karne ya 17 alilalamika kwamba hapakuwa na maji ya kumzamisha mtu, wala mti wa kumnyongea, wala udongo wa kumzikia. Hata hivyo alikiri kwamba ng'ombe wa hapo walikuwa wanono.

Unono huo una sababu yake. Wafugaji wa Burren huwapandisha ng'ombe vilimani majira ya baridi, kinyume na desturi ya milima mingine, kwa kuwa chokaa haituamishi maji na huhifadhi joto la kiangazi. Ng'ombe hula majani yaliyokomaa, kisha hushushwa kabla ya maua kuchipua, nayo hupata mwanga. Wafugaji wakiacha kufanya hivyo, vichaka hufunika mawe baada ya muda.

Kwa ajili ya magoti ya mama, nendeni Poulnabrone, kaburi la mawe lililo karibu na barabara ya R480, ambalo halina kiingilio. Wanaakiolojia walipolichimba katika miaka ya 1980 walikuta mifupa ya watu zaidi ya 30, na lilijengwa kabla ya piramidi za Misri. Kutoka kwenye maegesho ni mwendo mfupi, ila karibu na kaburi lenyewe mtakanyaga mabamba yenye nyufa, na ncha ya mkongojo hunasa humo, basi mshikeni mkono. Laleni Ballyvaughan au Lisdoonvarna, si Ennis. Mkilala Ennis mtaimaliza safari barabarani.

Mkaa Nanga:

Dada BintiVanga ameeleza vyema, lakini kama kawaida ya watu wa kaskazini amesahau kwamba Clare ina kusini. Usiku mmoja au miwili laleni Kilkee, kisha mwendeshe gari hadi Loop Head, rasi iliyo kati ya bahari ya Atlantiki na mdomo wa mto Shannon. Magenge ya huko ni mafupi kuliko ya Moher, lakini watu ni wachache, na sehemu kubwa mama ataiona kupitia dirisha la gari, jambo ambalo Moher haliwezekani. Mnara wa taa uliopo ulijengwa mwaka 1854. Mbele yake, ardhini, lipo neno lililopangwa kwa mawe wakati wa Vita Vikuu vya Pili, "EIRE", yaani Ayalandi, ili marubani wajue kwamba wanapita juu ya nchi isiyofungamana na upande wowote. Njiani mpitie Bridges of Ross, ambako zamani palikuwa na matao matatu ya miamba, na sasa limebaki moja. Bahari ilikula mengine.

Kuhusu udereva, tunaendesha kushoto kama nyumbani, lakini barabara za rasi hiyo ni nyembamba, na kuta za mawe hazina msamaha kwa kioo cha pembeni. Kodi gari dogo.

Fundi Zumari:

Msiondoke bila kusikiliza muziki. Doolin ndiyo yenye jina. Wapigaji huketi ndani ya baa kuizunguka meza moja bila jukwaa, mwenye fidla akiongoza na wengine wakimfuata, na huanza usiku, si jioni. Iwapo mama hapendi kukaa mahali panapouzwa pombe, tazameni ratiba ya ukumbi wa Glór mjini Ennis. Msiisogeze safari hadi mwanzoni mwa Julai, kwa sababu wakati huo Miltown Malbay huwa na chuo cha muziki cha kiangazi kilichoanza mwaka 1973, na vyumba vya jirani huwa vigumu kupatikana.

MwanaPangani:

Nawashukuru nyote. Nimeamua tulale usiku mbili Ballyvaughan na usiku mmoja Kilkee. Mama ameniuliza kama kuna safari ya mashua, maana yeye amezaliwa kwenye familia ya wavuvi na bahari haimtishi. Je, ni bora mashua ya Doolin au kuna nyingine?

BintiVanga:

Mashua za Doolin hupita chini ya magenge na kwenda hadi kisiwa cha Inis Oírr, na mandhari yake ni ya ajabu, lakini mawimbi ya hapo huzuia safari mara kwa mara, na kupanda na kushuka si rahisi kwa mwenye magoti mabovu. Mimi ningewapeleka Kilrush, ambako mashua hufunga kwenye gati linaloelea, na maji ya mdomo wa Shannon ni tulivu zaidi. Pomboo zaidi ya 100 wanaishi humo mwaka mzima, na wakati wa kiangazi huonekana wakiwa na watoto wao. Mpeni mama koti la mvua na kofia ya sufu hata jua likiwaka, na asubuhi ya safari wapigieni simu wenye mashua kabla hamjaondoka Kilkee.